Chatu Niliyemyeyusha

Shangazi alisema sitamaliza mwezi ng'ambo. Baba, akidhani nimelala, alimwambia mama kwamba angekuwa na akili timamu angeniacha Tanga. Na Sista Njeri, muuguzi Mkenya wa nyumba walikofanya kazi wazazi wangu, hakujificha hata kidogo. Alisema mbele yangu, mdomo umejaa mkate: "Huyu wako, mama, hata mjusi akikohoa anatoka mbio. Ashike nyoka? Labda ya plastiki, na iwe imelala."

Leo stashahada yangu ya usimamizi wa wanyamapori imetundikwa ukutani, ndani ya nyumba niliyoijenga mwenyewe, na simu yangu hailii ila kuna mtu amekuta nyoka stoo, bafuni au nyuma ya tenki la maji. Kuanzia Pongwe hadi Raskazone hakuna aliyekamata nyoka wengi kunishinda, na sijaua hata mmoja. Sioni haya kulisema. Nimelifanyia kazi.

Wiki iliyopita niliitwa nyumba moja ambako swila alikuwa ameingia nyuma ya friji. Mwenye nyumba, kabla ya kunipigia, alikuwa amefukiza udi sebule nzima ili "kitoke chenyewe". Nilisimama mlangoni na kijiti changu, friji inanguruma, mota yake imepata moto, moshi wa udi umetanda, na nikashindwa kuvuka kizingiti. Si kwa ajili ya swila. Ilikuwa ile harufu, udi uliochanganyika na joto la mashine. Ghafla nilikuwa na miaka tisa, Umm Salal, ng'ambo kwa Waarabu, nimebeba sinia la supu.

Mama alikuwa mpishi na baba dereva katika nyumba moja kubwa, yenye ukuta mrefu na shamba la mitende nyuma yake. Watumishi hawaji na watoto. Mwenye nyumba, ambaye sote tulimwita Abu Hamad, alinikubali kwa sharti moja, na alilitamka polepole, akizungumza na baba lakini akiniangalia mimi: "Mama yangu ni mgonjwa. Anataka utulivu. Mtoto akipiga kelele, atarudi kwao."

Nilielewa. Miaka miwili nilikuwa nimelala kwa shangazi nikinusa khanga ya mama mpaka ikaisha harufu. Kurudi sikutaka.

Lakini chumba chetu kilipakana na chumba cha wanyama wa Hamad, mtoto wa kwanza wa nyumba ile, kijana wa miaka kumi na mitano aliyependa kila kinachotambaa. Alikuwa na kobe wawili, kenge wa kijani mwenye kidevu kama cha babu aliyekasirika, na mijusi ya jangwani yenye mkia wa miiba, wanayoiita dhabb, aliyokuwa akiichimbua mchangani yeye na binamu zake. Na alikuwa na Sultana. Sultana alikuwa chatu, mrefu kumpita baba, mwenye mabaka ya rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa. Alikaa ndani ya kabati la kioo lenye taa nyekundu isiyozimwa. Mwanga ule ulipenya chini ya mlango ukafika hadi kwenye godoro langu.

Siku ya kwanza Hamad alikuja uani Sultana akiwa amemzunguka shingoni, akitaka kunifurahisha. Nilipiga ukelele ambao naamini ulisikika hadi mjini, West Bay. Abu Hamad akatokea juu ya ngazi. Aliinua kidole kimoja, akakishusha, akarudi ndani.

Mara ya pili ilikuwa dhabb kaniangukia mguuni. Vidole viwili.

Hakuna aliyeniambia mwisho ni vingapi. Nilijijibu mwenyewe kwamba ni vitatu, kwa kuwa mambo makubwa huishia tatu, hata talaka. Kuanzia siku hiyo nilitembea katika nyumba ile nimebana mdomo kwa mkono.

Mama hakulala. Ijumaa moja aliomba lifti hadi mjini akaonane na ustadhi mmoja wa Pemba, mlinzi wa hoteli, ambaye siku zake za mapumziko aliwaandikia watu wa kwao kombe. Alirudi na chupa ya maji ya manjano: aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji ya waridi. "Mafunda matatu kila siku," alisema, akaificha nyuma ya maziwa kwenye friji yetu ndogo. "Hofu itatoka yenyewe."

Nilikunywa siku mbili. Yalikuwa na ladha ya maua na karatasi. Hofu haikutoka.

Kisha joto likazidi, shule zikafungwa, na familia ikasafiri kama inavyofanya kila mwaka. Alibaki mama yake Abu Hamad, bibi kizee asiyeweza kusafiri, ambaye wajukuu walimwita Yadda na sisi tukamwita hivyo hivyo. Alilala siku nzima kwenye chumba cha chini, mashine ya hewa ikikoroma sakafuni, mrija ukipanda hadi puani kwake. Sista Njeri alikuwa wake mchana na usiku. Nyumba na funguo zote aliachiwa baba.

"Hii ni amana," Abu Hamad alimwambia. "Mama yangu kwanza. Halafu nyumba. Halafu wanyama wa mwanangu."

"Naam, Abu Hamad. Naam."

Hamad naye alimpa baba masomo ya kumhudumia Sultana. Baba alisimama mlangoni, mguu mmoja nje, akiitikia naam kwa kila kitu bila kutazama. Mimi nilichungulia chini ya kwapa lake na nikashika yote. Huwezi kumtoa chatu kwa kumjia juu, kwa sababu kinachomjia juu ni adui. Kwanza unamgonga mgongoni taratibu kwa kijiti, mara mbili, ajue si saa ya kula. Unamwinua katikati, si kichwani. Unampa uzito wako naye anakupa wake. Mkono usinuke chakula. Na ukimaliza, unasukuma kitasa cha kioo mpaka kilie.

"Umeelewa?" Hamad aliuliza.

"Naam," alisema baba, na tulipotoka akanishika bega. "Umesikia wewe? Mimi sikusikia kitu. Masikio yaliziba."

Ndipo ikawa desturi yetu. Kila asubuhi baba alifungua mlango wa chumba kile, akasoma kipimajoto kwa mbali, akaniuliza, "Yumo?" Nami nilichungulia nikamjibu, "Yumo." Sultana alipenda kujificha ndani ya gogo lenye uwazi, na mara nyingi nilichoona ni mkunjo mmoja tu. Ulitosha.

Siku ya tatu au ya nne akili ya kitoto ikanijia. Kwa nini ninywe kombe mimi, ilhali mwenye shetani ni yule? Baba alikuwa amekwenda kuchukua dawa za Yadda, mama yuko jikoni, jengo la nje. Niliichukua chupa. Nilisogeza kioo upana wa ngumi, nikamimina nusu ya chupa kwenye bakuli lake la maji. Nilipokuwa narudisha kioo, kichwa kikatoka gogoni. Kikashuka hadi kwenye maji ya manjano. Nikaona koo lake likipanda na kushuka.

Alikunywa, na hakuacha haraka.

Baada ya siku chache rangi yake ilififia, kama nguo iliyoanikwa juani mwezi mzima. Baba alimrushia panya kwa koleo refu, huku amefumba jicho moja. Panya akabaki pale pale. Na nilipoinama kuchungulia ndani ya gogo, Sultana alinitazama kwa macho meupe. Hayakuwa meusi tena. Yalikuwa na utando wa rangi ya maziwa yaliyotiwa maji, kama jicho la yule mzee wa mtaani kwetu aliyeongozwa na mjukuu.

Nilimpofusha. Hivyo ndivyo nilivyoelewa, na hakuna aliyekuwepo wa kunieleza vingine. Aya za Mungu zilikuwa zimemwingia mnyama asiye na kosa, zikamtia upofu, na aliyeziingiza ni mimi. Nilitaka hofu yangu iondoke. Sikutaka macho yake. Nikikaa na mama jikoni nikimenya vitunguu, nililia kwa raha kwa sababu ya vitunguu.

"Una nini wewe?" mama aliuliza.

"Vitunguu."

"Kombe unakunywa?"

"Nakunywa."

Nikaamua kulirudisha jambo nyuma. Niliingia tena, nikatoa bakuli, nikamwaga, nikatia maji safi ya bomba. Mkono ulipokuwa ndani, sauti ikatoka gogoni, ndefu, kama tairi linalotoa upepo. Nilichomoa mkono, nikavuta kioo, nikatoka mbio, nikajilaza kitandani nimejifunika shuka mpaka kichwani. Kitasa sikukisikia kikilia. Nililijua hilo nikiwa chini ya shuka, lakini sikurudi.

Siku moja ikapita, kisha ya pili, na kila asubuhi nilimwambia baba "Yumo" huku nikitazama mkunjo ule ule. Alhamisi mkunjo haukuwepo. Niliinama. Gogo lilikuwa tupu. Mbele yake ilinyooka ngozi ya Sultana, nzima, kuanzia midomo hadi ncha ya mkia, nyeupe, nyepesi, unaona upande wa pili. Hata macho yalikuwepo, vikombe viwili vidogo vya kioo, vitupu.

"Yumo?" baba aliuliza kutoka mlangoni.

Ninyi mliokuwa watoto mnajua jinsi uongo unavyotoka wenyewe. "Yumo," nikasema. "Amelala."

Sikufikiria hata mara moja kwamba ametoka. Leo nikiwaeleza vijana ninaowafundisha kazi hii, wanacheka hadi wanashika mbavu. Lakini mimi niliona upofu, kisha nikaona ngozi tupu, na hesabu yangu ilikuwa kamili: kombe lilikuwa limemla kutoka ndani. Nilikuwa nimemyeyusha. Baba alipokwenda kuosha gari, niliikunja ile ngozi, ikalia kama karatasi ya mkate, nikaitia kwenye foronya yangu. Nililala juu yake. Na kwa sababu niliamini amekwisha, sikumwambia mtu, na kwa sababu sikumwambia mtu, chatu mrefu kuliko baba alizunguka siku nzima katika nyumba yenye mwanamke asiyeweza kugeuka kitandani bila kusaidiwa.

Ijumaa baba alikwenda msikitini. Akirudi alikuwa ampeleke Sista Njeri Mesaimeer, kanisani, na Njeri alikuwa tayari amevaa gauni lake la zambarau na amechana nywele. Kama kila Ijumaa, udi ulikuwa umefukizwa nyumba nzima, maana Yadda aliutaka. Mama alinipa sinia la supu ya shayiri. "Polepole. Usimwage."

Niliingia. Njeri alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono ameinyoosha kidogo pembeni, kama mtu anayevuka daraja la ubao.

"Kijana," alisema bila kugeuka. "Usisonge."

"Nini?"

"Iko hapa."

Sultana alikuwa amejizungushia ile mashine ya hewa. Mota yake huwa na joto mchana kutwa, naye alikuwa amelikuta joto hilo akalikumbatia, mkunjo juu ya mkunjo, aking'aa kama aliyepakwa mafuta. Mkunjo mmoja ulikuwa umelala juu ya mrija. Mashine ilianza kulia, mlio mwembamba usiokatika. Kitandani, Yadda alikuwa amefungua mdomo, na kifua chake kilikuwa kinavuta kisichokuja.

"Mtungi wa akiba uko wapi?" niliuliza. Nilijua kuna mtungi wa hewa.

"Nyuma yake. Nyuma ya hiyo kitu. Mungu wangu, nikivuta mrija itaruka." Sauti yake ilipasuka. "Ita baba yako!"

"Kaenda msikitini."

Watu huniuliza ujasiri nilitoa wapi, na huwa wanangoja nitaje Mungu au baba yangu. Ukweli ni kwamba kabla hofu haijafika, ilifika furaha. Yuko hai! Sikumuua! Furaha ilinijaa kiasi kwamba nilikuwa nimeshaweka sinia chini na nimeshavuka nusu ya chumba kabla sijakumbuka kwamba namwogopa. Na hapo nilikuwa nimechelewa kurudi.

Nilifuta mikono kwenye kanzu, isinuke supu. Nikachukua fimbo ya Yadda iliyoegeshwa ukutani. Nikamgonga mgongoni, mara moja, mara mbili. Kichwa kikainuka. Ulimi ukatoka, ukarudi. Nikajipitisha pembeni, si juu, nikatia mikono yote miwili chini ya sehemu yake nene kabisa.

Nilitegemea ubaridi na utelezi. Alikuwa wa moto, mkavu, laini kama ndani ya mkono wa mama. Na mzito. Nilimwinua mkunjo wa kwanza, wa pili, naye, badala ya kunipiga, akaanza kuhama kutoka kwenye mashine kuja kwangu, kwenye mkono, begani, mgongoni, akinibana polepole kadiri alivyokuwa akitafuta pa kushika. Pumzi yangu ikawa fupi. Mkunjo wa mwisho ukaachia mrija. Njeri akaruka kwa gauni lake la zambarau, akaunyoosha, akapiga kifungo, mlio ukakatika.

Kifua cha Yadda kikajaa.

Alikuwa macho wakati wote. Alitazama yale yaliyokuwa yamenizunguka, kisha akanitazama usoni. "Ni mzito?" aliuliza kwa Kiarabu, taratibu, kama anayeuliza bei ya samaki.

"Mzito, Yadda."

"Basi usimwangushe."

Nilitembea naye ukumbi mzima. Njeri alinifuata hatua kumi nyuma. "Yesu wangu. Yesu wangu. Kijana, wewe ni wa nani? Nani alikuzaa wewe?" Kwenye chumba cha taa nyekundu Sultana alishuka mwenyewe kabatini, bila haraka, na kabla hajaingia gogoni alinigeukia. Macho yake yalikuwa meusi, safi kabisa. Nilisukuma kitasa kikalia. Nikakisukuma tena.

"Hii tunazika hapa," alisema Njeri, akijifuta jasho la mafuta na poda. "Baba yako akijua atakufa, na mwenye nyumba akijua atatuua. Sawa, mzee?"

Aliniita mzee kuanzia siku ile. Lakini Yadda alikuwa na simu, na Yadda hakuzika kitu. Familia ilirudi kabla ya wakati.

Tuliitwa sote majlisi, sebule ya kupokelea wageni. Abu Hamad alikaa, sisi tukasimama kwenye zulia: baba, mama, Njeri, mimi. Hamad alisimama karibu na dirisha. Hakuna aliyepaza sauti, na hilo ndilo lililotisha.

"Mama yangu alikaribia kufa. Nani aliacha kioo wazi?"

Baba akasogea hatua moja mbele. "Ni mimi, Abu Hamad."

"Ulipewa amana."

"Nilipewa."

"Basi leo jioni—"

"Si yeye," nikasema. Mama alinifinya mkono, akafinya kwa kucha, lakini maneno yalikuwa yameanza kutoka, na yakatoka yote: kombe, bakuli, macho meupe, kitasa, ngozi ndani ya foronya, na uongo wangu wa "Yumo". Nilipofika kwenye kumyeyusha, Hamad alicheka, kicheko kimoja kifupi kilichomponyoka.

"Alikuwa anavua ngozi," alisema. "Macho huwa hivyo. Kila nyoka."

Abu Hamad hakucheka. "Ulimshika wapi?"

Nikaonyesha kwa mikono yangu mahali nilipomshika, na upana wake.

"Hukulia?"

"Hapana."

Akatikisa kichwa, si kwa hasira. Nilidhani nimeshinda, na bado naamini kwamba siku ile hapakuwa na mwanamume katika majlisi ile aliyefanya zaidi yangu. Kisha akageukia baba. "Wewe na mkeo mtabaki. Chatu anaondoka. Na mtoto anaondoka. Siwezi kuwa na yeyote kati ya hao wawili chini ya paa moja na mama yangu."

Mama hakulia pale. Alisema, "Ahsante, Abu Hamad," kwa sababu ndivyo ilivyobidi.

Mnunuzi alikuja baada ya siku tatu na gari dogo la mizigo, mtu mnene mwenye masharubu, na sanduku la mbao lenye matundu. Hamad alijifungia chumbani kwake, hakutoka. Mnunuzi alifungua mlango wa chumba cha wanyama, akatazama kabati, akarudi nyuma. Alisema yule anayemnunulia ndiye mjuzi wa haya, yeye ni wa kubeba tu. Akamtazama baba. Baba akanitazama mimi.

Nikamgonga mara mbili, nikamwinua katikati. Nilimpitisha uani, na wote waliokuwa uani wakanipisha, hata mtunza bustani aliyekuwa ameshika jembe. Juu ya gari nilimshusha sandukuni kidogo kidogo, mkia kwanza, kichwa mwisho. Alinusa kidole changu kwa ulimi, kisha akajikunja pembeni kwenye kivuli. Mtu yule akapigilia kifuniko. Gari likatoka getini, vumbi likatua.

Mama alikuwa amesimama kwenye dirisha la jikoni, akiitazama mikono yangu.

"Nenda kanawe," aliniambia. "Ule kwanza. Ndege yako ni saa kumi na moja."